Vipande Nilivyokata

Kazi yangu ni mkasi, ingawa mkasi wenyewe ni kitufe.
Chumba kiko Pasiansi, juu ya duka la nyavu,
feni moja, skrini mbili,
na Mwinjilisti Nkwabi Malale ananisubiri humo,
macho kafumba, mkono kanyosha,
kama mtu anayesimamisha lori.

Nakata kikohozi.
Nakata pale anapotafuta mstari wa Isaya
akaukuta wa Yeremia.
Nakata yule mama wa safu ya pili
aliyeinuka kwenye kiti cha magurudumu,
akapiga hatua mbili, ya tatu ikamkataa.
Mbili zinatosha. Nazirudia mara tatu,
zinakuwa sita, na kinanda kinaingia.

Jumapili saa tatu usiku Igogo nzima inaitazama kazi yangu.
Mama anaweka glasi ya maji ipokee upako.
Zamani aliiweka juu ya televisheni;
tangu tununue hii nyembamba, isiyo na mgongo,
glasi inakaa sakafuni kama ya paka,
naye anapiga magoti kuiokota.
Maji ni ya bomba, bomba ni la ziwa,
na ziwa lina mambo yake.
Anakunywa yote.
Vidonge vya presha viko kwenye kopo,
idadi ileile tangu Pasaka.

Kisha ukaja mwaka wa fulana.
Alikwenda kisiwani siku tatu, akafunga,
akarudi na neno: Bwana amesema, chukua fomu.
Nikauliza, Bwana alitaja jimbo?
Mhasibu akacheka,
kisha akaacha kucheka.

Akaunti ilikuwa moja.
Jumapili bahasha za mbegu;
Jumatatu vitenge, mafuta ya boti, pilau la wajumbe.
Mwaloni Kirumba alipanda juu ya magunia ya dagaa,
akawaambia wanawake wenye magamba hadi viwikoni:
"Nawaletea kivuko kipya, injini mbili,
na zote mbili nimeziona kwa maono!"
Nilikuwa nyuma ya kamera.
Nyuma yake korongo wawili waligombea utumbo wa sangara.
Niliwakata.

Usiku wa kuamkia kura alikuja chumbani,
peke yake, viatu mkononi.
"Nioneshe bila sauti."
Tukakaa. Picha ikamfumbua mdomo, ikamfumba.
Alijitazama
kama mtu anavyomtazama ndugu yake anayedaiwa.
"Kashinje," akasema, "yule mama wa hatua mbili,
anakaa wapi?"
Sikujua. Mkasi wangu haufiki huko.
Akafungua kinywa aseme jambo,
simu ikalia,
na ile sauti yake kubwa ikarudi mahali pake.

Alishinda.
Sasa mahubiri yanatumwa kutoka Dodoma,
suti ya kijivu, bendera ndogo mezani.
Kivuko hakijaja.
Kwenye mahubiri kimegeuka safina,
juzi kikageuka mfano,
na mfano hauhitaji injini.

Vile vipande sikuvitupa.
Viko kwenye diski, diski iko ndani ya soksi:
vikohozi, karasa za Biblia zikipekuliwa,
hatua ya tatu,
na "nisameheni" moja, ya siku umeme ulipokatika
akadhani na kamera imezimika.
Dakika kumi na moja, sekunde nne.

Jumapili iliyopita nilimwekea Mama hivyo badala ya kipindi.
Akaweka glasi, akatulia kwenye mkeka,
akamtazama mtu anakohoa,
anasahau, anameza mate,
anakaa kimya muda mrefu kuliko adabu ya televisheni.
Mwisho akaniuliza:
"Huyu mchungaji ni mgeni? Mbona kama anaumwa?"
Akaiokota glasi, akaimulika kwenye taa,
akaigeuza, akaimulika tena,
akaenda jikoni kuyachemsha.